Jina Lisiloitwa Kwetu

Mimi nilitoka shule darasa la tano, na leo nimeajiri watu wenye digrii. Naanza na hilo ili ujue nani anakuambia. Nilianza kwa kuchuna majani ya watu, kikapu kikinigonga visigino. Leo ukiteremka kutoka Kapkatet kuja kwangu, chai yote unayoiona mkono wa kulia mpaka mtoni ni yangu. Lori mbili zinazopeleka majani ya jirani kiwandani ni zangu. Nyumba ya mawe nilisimamia mwenyewe, jiwe kwa jiwe, na fundi aliyenidanganya kipimo alibomoa ukuta mzima na kuanza upya. Hakuna mtu alinishika mkono.

Nakuambia haya kwa sababu pengine wewe una mtoto ambaye akili yake imeanza kumgeuka, na umesikia watu wakisema shida hiyo huingia nyumba za walevi na wavivu. Iliingia kwangu. Haikubisha hodi.

Ilianza baridi ya mwezi wa saba, wakati ukungu unakaa juu ya chai mpaka saa nne na majani yanakuwa kidogo. Chelangat, kifungua mimba wangu, alikuwa kidato cha kwanza. Shule ilimrudisha nyumbani na barua. Mwalimu aliandika kwamba hatulii, hamalizi kazi, mara anacheka peke yake, mara analia darasani bila kupigwa na mtu. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Nikasema ni ujinga wa wasichana wa siku hizi.

Wiki mbili baadaye aliacha hata kulia. Alilala akiangalia ukuta. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Mifupa ya shingo ilitokeza, sketi ya shule mama yake akaifunga kwa pini mbili, na kucha alizitafuna mpaka vidole vikawa na damu iliyokauka. Mimi niliingia kila asubuhi nikamvuta blanketi.

"Baba Chela, muache," mke wangu Emily aliniambia. "Huyu mtoto ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Joto hana, kikohozi hana."

"Sasa unataka akohoe ndiyo uamini?"

Mchungaji alikuja akaomba. Wazee wa kanisa wakaja. Chelangat aliwaambia asante kwa sauti ya mtu aliye mbali sana. Aliyetusaidia ni mwalimu mmoja wa kike, aliyempigia Emily simu kwamba kuna hospitali ambapo watu wa utafiti wanatibu watoto wenye shida za moyo mzito na akili isiyotulia. Wanatoa dawa, wanaongea nao, wanaandika kila kitu ili wajue ni kipi kinasaidia. Sitaitaja hospitali hiyo. Walitutendea vizuri, na kosa ninalotaka kusimulia halikuwa lao.

Nitakuambia kuhusu benchi. Utakaa hapo sana. Ni benchi ya mbao ndefu yenye rangi ya kijani iliyobanduka mahali migongo inapoegemea. Siku ya kwanza nilivaa koti langu la mikutano, nikakaa wima, nikitaka watu waone kwamba mimi nimekuja kwa bahati mbaya tu. Mama mmoja wa Kisii alikuwa na mtoto ambaye alikuwa amefunguafungua kamba za viatu vya watu wote waliokaa. Akanitazama akasema, "Mzee, keti vizuri tu. Hapa hakuna mgeni rasmi." Watu wakacheka. Hata Chelangat aliinua kichwa kidogo. Nilimchukia yule mama siku hiyo. Sasa ni rafiki yetu.

Muuguzi wa utafiti anaitwa Sista Kwamboka, Mkisii pia. Mama yake alichuna chai katika mashamba makubwa, na yeye mwenyewe amezaliwa kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Aliponieleza hivyo nikamwambia, "Basi wewe ni mtu wa kwetu, tatizo lako ni ndizi za Kisii tu." Akajibu, "Na wewe tatizo lako ni kuongea kabla ya kuulizwa." Nikajua tumekutana.

Alisoma fomu ya kukubali, ukurasa kwa ukurasa. Nikatia sahihi haraka. Kisha akamgeukia Chelangat, akamuuliza kama yeye pia anakubali. Nikashangaa.

"Sista, mimi ndiye baba. Nimeshakubali."

"Umekubali wewe. Dawa utameza wewe?"

Chelangat alisema ndiyo. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Halafu likaja swali. Naliandika kama nilivyolisikia, kwa sababu maisha ya mtoto wangu yalikuwa ndani yake. "Katika ukoo wenu, upande wa mama au wa baba, kuna mtu aliyewahi kusumbuliwa hivi? Mtu wa kulala siku nyingi, au wa kuchangamka kupita kiasi bila kulala, au aliyejitoa uhai?"

Emily alisema kwao hakuna. Mimi nikahesabu kwa vidole. Babu aliyeishi mpaka meno yakaisha. Bibi aliyezaa tisa. Baba yangu, aliyekufa kwa kifua. Amu zangu wote kwa majina. "Hakuna," nikasema. "Sisi ni watu wenye nguvu. Angalia mimi."

Akaandika hakuna.

Sasa nieleze, kwa sababu wasomaji wengine si Wakipsigis. Kwetu mtoto akizaliwa, kina mama wazee humuitia majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi. Sisi ni Wakristo, lakini jambo hilo bado linafanyika, na mimi sioni ubaya. Ila kuna waliokufa ambao hawaitwi. Mtu aliyejiua haitwi, asije akarudi. Na kwa kuwa haitwi siku hiyo, hatajwi siku nyingine pia. Vitu vyake hutolewa nyumbani. Waliozaliwa baadaye hukua bila kujua kwamba alikuwepo.

Kwa hiyo sista aliponiuliza watu wa ukoo wetu, mimi nilimhesabia wale tunaowaita. Ningeapa mahakamani kwamba sikudanganya. Lakini nilipofika mwisho wa vidole nilihisi shingo imekuwa baridi, kama mtu amefungua mlango nyuma yangu.

Nilikuwa na dada. Alinitangulia kuzaliwa. Niliyajua hayo mimi, na mama yangu, basi.

Dawa ilianza mwanzo wa mvua za vuli. Tembe moja asubuhi, baada ya uji. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili Chelangat aliomba maji ya kuoga. Emily alilia jikoni kwa furaha. Wiki ya tatu nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, kabla hata wachunaji wangu hawajafika, anachuna kwa mikono miwili kama mashine, huku anaimba.

Ndugu msomaji, nilijivuna. Majani yalikuwa yamejaa kwa sababu ya mvua, na msichana wa miaka kumi na minne alikuwa anawashinda wanawake waliochuna miaka ishirini. Kwenye kituo cha kununulia majani karani alisoma mzani mara mbili. Nikawaambia watu wote kwenye foleni, "Mnaona? Huyo ameshika damu yangu. Hakuna ugonjwa hapo."

Mchunaji mmoja mzee, Mama Rebeka, alisema polepole, "Boss, huyo mtoto hajanywa maji tangu asubuhi."

"Na wewe unywe kidogo, labda utachuna kama yeye."

Wakacheka. Mama Rebeka hakucheka.

Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Kogo, yaani bibi, anakaa nyumba ya chini karibu na bomba la maji. Siku moja tulikuwa tunakunywa chai kwake mchana, wimbo wa Chelangat ukapanda kutoka shambani. Alikuwa anaimba haraka, anarukia wimbo mwingine kabla ya kumaliza wa kwanza. Kogo aliweka kikombe chini. Alisikiliza huku ameangalia mlango.

"Mwambie apunguze," akasema.

"Apunguze nini, mama? Kuimba?"

"Mwambie tu apunguze."

Chai yake ikapoa hapo. Mimi nilimaliza yangu na kwenda zangu.

Kila wiki Sista Kwamboka alipiga simu kuuliza habari za mgonjwa. Alitaka kuongea na Chelangat mwenyewe. Mimi nilishika simu.

"Analala saa ngapi?"

"Sista, huyu sasa ni mzima kabisa. Anafanya kazi ya watu watatu."

"Nauliza usingizi, mzee. Kazi sijauliza."

"Analala kama mtu yeyote."

Hakuwa analala. Tulimsikia akisogeza viti, akipanga vyombo, akiandika madaftari. Emily alitaka kusema. Nilimwonyesha kwa mkono anyamaze. Hilo pia naliandika, kwa sababu kuna mzazi anayeshika simu namna hiyo leo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko la ng'ombe kule Mulot. Sijui hadi leo Chelangat alifikaje huko. Nguo za shule ndizo alizotoka nazo asubuhi, ingawa shule alikuwa hajarudi. Saa sita nilipigiwa na mfanyabiashara wa mifugo ambaye lori langu limewahi kumbebea mahindi. "Mzee, una msichana anaitwa Chelangat? Njoo upesi. Usiulize, njoo."

Niliendesha kupitia Bomet na Longisa. Upande wa nyuma, mbingu juu ya chai ilikuwa nyeusi ile ya mvua ya mawe, na mbele, upande wa Narok, jua kali. Sikuwahi kuomba nikiendesha gari. Siku hiyo niliomba, na kila nilipoanza, kinywa changu kilitaka kutaja mtu ambaye hatajwi.

Alikuwa amesimama juu ya ngazi ya mbao ya kupakilia ng'ombe. Miguu mitupu. Sweta ndani nje. Watu wamemzunguka, wengine wanashika simu juu, wengine wanacheka. Alikuwa anawahubiria kwamba amepewa mkono wa kusimamisha magari. Mara mbili alikuwa ameshuka akaingia barabarani mbele ya malori ya ngano. Mara ya pili mama mmoja anayeuza chai sokoni alimdaka kwa sweta na kumvuta, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi. Mama huyo alikuwa bado amemshika upindo wa sketi nilipofika, na goti lake linatoka damu.

"Baba!" Chelangat aliita, uso unang'aa. "Umekuja kuniona nikiyasimamisha!"

Nilipanda ngazi nikamkumbatia. Mwili ulikuwa moto na moyo wake unapiga kama kinu cha posho kisicho na mahindi ndani. Akaninong'oneza sikioni, "Usinishike sana, nitakuunguza."

Mama muuza chai alinisaidia kumwingiza kwenye gari. Nilipomshukuru alisema, "Mpeleke tu, shemeji. Asante baadaye."

Hospitalini walimpokea siku ileile. Sindano ikamlaza. Daktari wa utafiti akaja na Sista Kwamboka, na faili. Daktari ni kijana mpole, anaongea kidogo. Alisema dawa ile husaidia watoto wengi, lakini kuna watoto ambao huwarusha juu namna hii. Ndiyo maana huuliza habari za ukoo kabla. Sasa lazima aamue kumpa nini, na akikosea tena hajui kama Chelangat atapatikana hai soko la pili.

Sista Kwamboka akavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Hakuna utani usoni.

"Mzee, nakuuliza mara ya pili."

Nikasema nipe dakika moja. Nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji, nikampigia mama yangu.

"Mama, nataka kumtaja."

Nilisikia kuku wake.

"Mtoto amelazwa," nikasema. "Madaktari wanauliza. Ni kama yeye, mama. Ni yeye kabisa."

Nikaangalia simu kama imekatika. Kisha Kogo akasema, "Mimi naenda bombani kuchota maji. Huko sitasikia. Wewe sema."

Akakata.

Nilirudi ndani. Emily alikuwa amekaa karibu na kitanda, ameshika mguu wa mtoto. Nikasema mbele yake, miaka kumi na sita tangu nimuoe: "Nilikuwa na dada. Anaitwa Taprandich."

Ulimi wangu ulikuwa mzito kama umekula ndizi mbichi. Jina hilo sikuwa nimelitamka tangu nikiwa mtoto. Nikawaambia jinsi alivyolima shamba zima siku mbili bila kukaa, watu wakamsifu. Jinsi alivyoimba. Jinsi alivyolala baadaye akiangalia ukuta, na baba akimvuta blanketi. Jinsi ilivyozunguka hivyo mara tatu, nne. Na jinsi alivyojiondoa mwenyewe wakati watu wako shambani wakipanda mahindi, akiwa na miaka kumi na tisa. Sista Kwamboka aliandika kila kitu. Aliniomba nimtajie jina herufi kwa herufi, na nikashindwa, kwa sababu sikuwahi kuliona limeandikwa.

Emily hakulia. Aliniuliza jambo moja. "Ulilijua hili ukiwa umekaa pale mara ya kwanza?"

"Nililijua."

Akarudisha macho kwa mguu wa mtoto.

Chelangat alitolewa kwenye utafiti. Nilifikiri wanatufukuza, nikaanza kupandisha sauti, lakini daktari alisema anatoka kwenye utafiti tu, matibabu yanaendelea. Dawa ikabadilishwa. Hii mpya inataka damu ipimwe kila mara, na mkono wake ukawa na alama za sindano kama umeumwa na siafu. Alinenepa. Uso ukawa wa duara, nguo zote zikambana. Vidole vilitetemeka hata kalamu ikawa inachora nyoka. Kiu, choo, kiu. Alilala kwa muda wa saa kumi na mbili na kuamka kama mtu aliyetolewa chini ya mchanga. "Baba, nimekuwa zii," aliniambia. "Kama redio imezimwa."

Jua la Januari likakausha vichaka, tukakata chai, matawi yakabaki kama mifupa. Emily alipika, akaweka chakula mbele yangu, akaondoka. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Siku moja tu alisema, akiwa anaosha vyombo, "Kama angekufa Mulot, na yeye mngemfuta?" Jibu nilikuwa nalijua na yeye pia.

Kulikuwa na mambo madogo ya kushikilia. Yule mama wa benchi alituletea mahindi ya kuchemsha ndani ya kitambaa, bado ya moto. Mfagiaji wa hospitali alimwekea Chelangat kiti karibu na dirisha kila tukija, bila kuombwa. Mama Rebeka aliacha kuniita boss kwa miezi miwili, akaniita Baba Chela, na sikumrekebisha.

Na kuna jambo ambalo lazima nijivunie, mnisamehe. Mvua za masika zilipoanza, tulikuwa kwenye benchi nikasikia Sista Kwamboka akiuliza familia mpya, mlango ukiwa wazi. Aliuliza lile swali la fomu. Baba akajibu hakuna. Kisha akaongeza swali ambalo halikuwepo siku yetu: "Na kwenu, kuna mtu ambaye jina lake haliitwi?"

Hilo swali ni langu. Wenye digrii hawakulijua. Walilipata kwangu, na daktari ameniambia sasa linaulizwa kila familia inayokuja.

Lakini nikuambie kinachotokea likiulizwa. Ndani kunanyamaza. Benchi nzima inanyamaza pia. Nimekaa pale mara nyingi sasa, nimevaa sweta ya kawaida, na nimeona watu wazima wakiangalia sakafu, mmoja baada ya mwingine, wakati hata hawajaulizwa wao. Sikujua tuko wengi hivyo. Inaniogopesha kuliko Mulot.

Chelangat amerudi shule, ya kutwa, karibu na nyumbani. Daktari hasemi amepona. Anasema ametulia. Nimejifunza kusikiliza tofauti ya maneno hayo mawili. Akicheka sana mezani, mimi na Emily tunaacha kutafuna. Akinyamaza sana, vilevile. Analijua hilo, na linamchosha.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka kupima damu. Ameshika pamba mkononi. Akaniuliza, "Senge Taprandich alikuwa na miaka mingapi?"

Senge ni shangazi kwa lugha yetu. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Kumi na tisa," nikasema.

Akahesabu kwa vidole vyake vinavyotetemeka, baada ya kumi na tano, aliyoifikisha mwezi uliopita. Vikasimama vidole vinne. Akaviangalia.

"Baba, nikifika hapo, usiwe unanichungulia kupitia mlango. Unafikiri sikuoni?"

"Nifanye nini?"

"Ingia ukae. Hata kama huna la kusema."

Nikasema nitaingia. Akatupa pamba, akafungua mlango wa gari. Wakati wote wa safari nilikuwa na maneno mengi, na sikusema hata moja.